Mwaka wa Ghislaine

Nyumbani kwa akina Pinsard, kitu chochote kikali kinywani kiliitwa Ghislaine. Kachumbari ikizidi siki, baba alikunja uso akasema, "Leo mmetuletea Ghislaine." Tofaa likichumwa kabla ya wakati wake lilikuwa Ghislaine. Hata kahawa ya shangazi mmoja aliyekuwa na tabia ya kuchemsha masalio ya jana iliitwa hivyo kwa miaka mingi, na mwenye jina, binti wa nyumba ile, akicheka pamoja nao, kwa kuwa mtoto asiyecheka hutaniwa zaidi.

Asili ya utani huo ilikuwa mvinyo. Mwaka aliozaliwa Ghislaine, mvua ilianza kunyesha mizabibu ilipochipua, ikanyesha mpaka majani yakapukutika. Bonde zima la mto Loire, kule Ufaransa, lilinuka ukungu. Zabibu zilikataa kuiva. Watu wa kijiji cha Vernelle walivuna kwa kuona haya tu kuziacha zioze mtini, wakakamua, wakaonja, wakatema. Wengi waliuza mavuno yao kwa wenye viwanda vya siki. Lakini desturi ya pale ni kwamba mtoto akizaliwa katika nyumba ya mkulima wa mizabibu, mvinyo wa mwaka wake huwekwa pembeni katika pango la kuhifadhia mvinyo, uje kunywewa siku ya harusi yake, siku wanawe wanapobatizwa, na siku watu wanaporudi kutoka kumzika. Firmin Pinsard hakuwa mtu wa kuvunja desturi kwa sababu ya mvua. Alitia kwenye chupa mvinyo ule mkali wa binti yake, akazilaza mwisho kabisa wa pango, akaandika mwaka kwa chaki juu ya kibao cha jiwe, kisha akazipa mgongo.

Miaka michache baadaye akazaliwa Aubin, na jua la mwaka huo liliwaka kama lililotumwa. Mvinyo wake ulikuwa na ladha ya asali ungali mchanga. Kila penye sherehe watu walisema, "Firmin, tuletee mwaka wa Aubin." Hata katika harusi ya Ghislaine walikunywa mwaka wa Aubin, na hakuna aliyeona ajabu, si bwana harusi, si bibi harusi mwenyewe. Ndoa ile haikujaliwa mtoto, na mume akafa kwa ugonjwa wa mapafu kabla ya kuzeeka. Hivyo kwake hapakuwa na mtu wa kuwekewa chupa pembeni.

Ghislaine alifanya kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ya wageni kando ya mto. Aliingia na nywele nyeusi, akatoka na nywele nyeupe. Kazi yake ilikuwa mvinyo: kuzibua, kunusa, kuonja kidogo, kumimina, kurudi nyuma hatua moja na kusubiri mteja aitikie kwa kichwa. Alizoea kuwaona watu wakinywa bila kuonja, wakisimulia habari za magari yao. Alizoea wanaotaka barafu kwenye kila kitu. Alichoshindwa kuzoea ni sakafu. Sakafu ya hoteli ile ilikuwa ya mawe, na kila mwaka uliopita juu yake ulimpandia miguuni, ukapita magotini, ukaja kutulia kiunoni.

Wiki aliyostaafu, alipanga jambo moja tu: kukaa. Nyumba yake ilichongwa nusu katika mwamba mweupe, kama nyumba nyingi za Vernelle, na dirisha la jikoni lilitazama mteremko wa ng'ambo, palipokuwa na shamba la juu kabisa la akina Pinsard. Walikuwa wakiliita Coudraie. Mizabibu yake ilipandwa na babu, mashina yamejipinda kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi. Kabla hajaolewa, kila majira ya baridi alikuwa akipogoa mizabibu ile pamoja na baba yake, bila maneno mengi, kila mmoja mstari wake. Aliweka kiti dirishani, akaweka beseni la maji ya moto chini ya kiti. Hakutaka zaidi ya hapo.

Siku ya tatu ya kukaa, Aubin akaja. Aliingia bila kubisha, akajitupa kwenye kiti kingine huku akishikilia goti.

"Nimeuza, dada."

"Umeuza nini?"

"Kila kitu. Anachukua Clotilde Marchais wa kijiji cha pili. Magoti haya hayapandi tena mlima, na mwanangu ameshasema harudi huku."

Ghislaine hakushangaa. Alikuwa akilitazamia jambo hilo kama mtu anavyotazamia jino lililolegea. "Clotilde ni mchapakazi," akasema. "Ataitunza mizabibu."

"Ataitunza mizabibu ya bondeni." Aubin alitazama nje ya dirisha. "Ile ya juu anang'oa. Anasema imekula chumvi nyingi, inazaa kiganja, na trekta haipiti. Anang'oa apande michanga, au aache pawe malisho."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Ghislaine alitoa mguu mmoja, akaurudisha. Alijua mizabibu inavyong'olewa. Mashine huvuta shina na mizizi yake yote, halafu hulundikwa, na lundo hukaa miezi likingoja kukauka kabla ya kuchomwa. Lundo hilo lingekaa mbele ya dirisha lake hasa. Angelitazama kila asubuhi akinywa kahawa.

"Hajatia saini ya mwisho," Aubin akaendelea. "Nimemwomba aje kula Jumapili. Nataka aonje Coudraie ikizeeka inakuwaje. Zimebaki chupa mbili za mwaka wangu. Akionja zile, hataweza kung'oa. Nani ataweza?"

"Na atapika nani?"

Aubin akakuna shingo.

"Aubin. Mimi nimestaafu juzi."

"Ni watu watatu tu, dada. Mimi, yeye, na Sidonie, maana uyoga ni wake."

"Watatu wa kukaa, na mimi wa kusimama."

"Nani mwingine anajua kumimina mvinyo mzee? Mimi nikimimina nusu inaenda mezani."

Angeweza kukataa. Alitazama tena mteremko wa ng'ambo, na mizabibu ilikuwa pale, majani yake ya mwisho yakiwa manjano. Akasema atapika kuku.

Jumapili asubuhi Sidonie, jirani aliyekuwa akilima uyoga katika mapango ya zamani ya wachonga mawe, alimkuta Ghislaine jikoni kwa Aubin, akaingia na kapu kwapani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shoga, hiyo sura vipi? Mtu kastaafu anakuwa na sura ya ng'ombe aliyekamuliwa mara mbili?"

"Wewe kata uyoga."

"Nakata. Ila nakuuliza, ukistaafu ukaendelea kupika na kuhudumu, tofauti ni nini?"

"Silipwi."

Sidonie akacheka mpaka kisu kikasimama. Waliweka kuku kwenye sufuria pamoja na vitunguu vidogo na siagi, wakamwacha aive polepole. Krimu ingeingia mwishoni, na uyoga baada yake. Ghislaine hakuweka ndimu wala siki mahali popote, wala kwenye saladi. Siki mezani huua mvinyo mzee kabla haujafika mdomoni.

Alipoingia ukumbini kutandika meza, alikuta chupa mbili za mwaka wa Aubin zimesimamishwa kwenye ndoo ya barafu, zimezama hadi shingoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mvinyo mweupe unanywewa baridi," Aubin akajibu akiwa anafunga tai.

"Mchanga ndiyo unanywewa baridi. Mzee ukiuvalisha barafu unafunga mdomo, hausemi kitu. Baridi ya pangoni inatosha." Alizitoa, akazifuta kwa kitambaa, akazilaza kwenye meza ndogo mbali na moto. "Miaka yote hii unalima, Aubin."

"Mimi nalima. Wa kunywesha ni wewe."

Clotilde Marchais alifika akiwa amevaa viatu vya shamba, akavivua mlangoni bila kuombwa. Alikuwa bado hajafika miaka arobaini. Alikuwa na mikono mipana, na macho ya mtu anayelala kidogo. Alimsalimu kila mmoja, akamwita Ghislaine mama, akakaa alipoonyeshwa. Ghislaine aliona kwamba naye alikuwa amechoka, uchovu wa mtu ambaye kazi iliyo mbele bado ni nyingi kuliko iliyo nyuma.

Aubin hakungoja chakula. "Dada, tuzibulie."

Kizibo cha chupa ya kwanza kilikatika katikati. Akakitoa kipande kwa kipande, akanusa, na kabla hajamimina alijua. Ilinuka sanduku la karatasi lililolowana na kusahauliwa stoo. Aliiweka pembeni. Aubin alimtazama; Ghislaine akatikisa kichwa.

"Hutokea," Clotilde akasema. "Ni kizibo tu kimeuharibu."

Chupa ya pili ilizibuka vizuri. Ghislaine akamimina polepole. Rangi iliyoshuka kwenye glasi ilikuwa ya chai iliyokolea. Harufu yake ilikuwa ya tofaa lililokatwa asubuhi likaachwa mezani mpaka jioni. Walionja wote. Hapakuwa na ubaya wowote mdomoni, ila hapakuwa na kitu pia. Utamu ulikuwa umelala chini kama mtu asiye na mfupa wa mgongo, halafu ukatoweka.

Sidonie alitazama kucha zake.

"Ulikuwa mvinyo mkubwa," Clotilde akasema kwa upole, na lile neno "ulikuwa" likakaa mezani pamoja nao.

Ghislaine alijua ulikufa vipi. Ulikufa kwa heshima. Zilipobaki chupa mbili tu, watu walianza kuzionea huruma. Mtoto wa Aubin alipobatizwa, mtu mmoja alisema tuzitunze kwa harusi. Ilipofika harusi, wakasema tuzitunze kwa mazishi ya mzee. Mzee Firmin alipozikwa, mvua ilikuwa inanyesha na watu wana haraka, wakasema si leo. Daima walikuwa wakingojea siku kubwa kuliko hiyo. Na mwaka ule wa jua ulikuwa mtamu na laini, usio na ukali wa kuushika. Mvinyo wa namna hiyo haungoji watu wajiamulie. Chupa mbili za mwisho zilipitwa na siku yake zimelala vizuri gizani, huku familia nzima ikijisifu kuwa inazo.

Aubin alikuwa amekunja kitambaa chake cha mezani, anakikunjua, anakikunja tena. "Hii ndiyo Coudraie," akasema, kana kwamba anaomba radhi kwa niaba ya mtu mwingine.

"Naelewa," Clotilde akajibu. Alijifuta mdomo. Hakuwa na ukatili, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mkatili mtu unaweza kubishana naye. "Tule basi, bwana Aubin. Kuku ananukia."

Ghislaine alirudi jikoni. Akainamia sufuria, akakoroga kisichohitaji kukorogwa. Angeweza kumpakua kuku, akawapa mvinyo wa mwaka juzi, wakala, wakaagana, na jioni akatia miguu kwenye beseni. Miguu yenyewe ilimshauri hivyo. Alizima moto chini ya sufuria, akachukua tochi.

"Unakwenda wapi?" Sidonie akamuuliza mlangoni.

"Naja. Wape mkate, wapigishe stori."

Mlango wa pango ulikuwa nyuma ya nyumba ya Aubin, hatua chache tu, lakini ndani njia ilishuka na kuzunguka, na sakafu ilikuwa na unyevu. Alitembea ameshika ukuta. Alipita mapipa, akapita mvinyo mchanga, akapita safu tupu ulipokuwa mwaka wa Aubin. Mwisho kabisa, mwamba uliposhuka hadi kumlazimisha ainame, alizikuta. Ukungu mweusi ulikuwa umezifunika kama sufu. Kile kibao kilikuwapo. Chaki ilikuwa imefifia, lakini mwandiko wa baba yake bado ulisomeka. Zilikuwa nyingi. Hakuna aliyewahi kuzitaka.

Mara ya mwisho kuonja mvinyo ule alikuwa msichana wa shule. Baba alifungua chupa moja siku ya kuzaliwa kwake, kwa mzaha, watu wakakunja nyuso na kupiga meza kwa kicheko. Yeye alikunywa glasi yake yote, asionyeshe kitu. Hakuuonja tena.

Akaitoa chupa moja kwa mikono miwili, akaibeba ikiwa imelala kama ilivyokuwa imelala, asije akaamsha mashapo yaliyotuama ndani. Njia ya kupanda ilikuwa ndefu kuliko ya kushuka. Alipumzika mara mbili, amekumbatia chupa kama mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Jikoni aliizibua ikiwa bado imelala, akainyanyua taratibu, akamimina kwenye jagi la kioo huku ameweka tochi nyuma ya shingo ya chupa, akaacha mara tu alipoona wingu la kwanza la mashapo. Alitarajia rangi ya chai. Rangi ilikuwa ya majani makavu yaliyopigwa na jua, na inang'aa. Hakuonja. Aliogopa.

Alipoweka glasi mpya mezani, hakutaja kitu. Ndiyo desturi ya kule: aliyeleta chupa isiyo na karatasi ya jina hasemi mwaka mpaka kila aliye mezani amekisia.

Sidonie alikuwa wa kwanza. Macho yakamtoka. "Huu ni mkali kama mama mkwe wangu."

Clotilde alionja, akameza, akaweka glasi chini. Ulikuwa mkali kweli. Ulisimama katikati ya ulimi kama mlinzi wa geti, haumruhusu mtu kuingia.

Aubin alinusa tu, na kwa mara ya kwanza tangu chupa zake zife, tabasamu likamjia upande mmoja wa mdomo. "Huyu kama namjua."

"Funga mdomo," Ghislaine akamwambia. "Hujaulizwa bado."

"Nasema tu kwamba—"

"Uacheni mvinyo upumue. Kuleni kwanza."

Akaleta kuku. Krimu ilikuwa imechukua rangi ya uyoga, nzito kiasi cha kushikilia kijiko. Akawapakulia, akarudi nyuma hatua moja, kama kawaida yake, mgongo ukigusa kabati. Walikula. Sidonie alisimulia habari za mapango yake, jinsi popo walivyomvamia. Glasi zilikuwa zimesimama mbele yao bila kuguswa, na Ghislaine alizitazama jinsi mtu anavyotazama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Clotilde ndiye aliyeinua tena. Aliinua bila kufikiri, kwa kiu tu, baada ya tonge la krimu. Akanywa. Mkono ukabaki hewani.

Akairudisha glasi puani. Akakaa nayo hapo muda mrefu. Halafu akala kipande cha uyoga, akanywa tena, safari hii polepole.

"Kimetokea nini humu?" akauliza.

Sidonie naye akachukua yake. Aubin akachukua, kwa shaka. Ukali haukuwa umeondoka. Ulikuwa umepata kazi ya kufanya. Krimu iliulainisha, nao ukaipunguzia krimu uzito, kiasi kwamba kila tonge lilikuwa kama la kwanza. Na nyuma ya ukali huo, sasa geti limefunguka, mlikuwa na nyumba nzima: nta ya nyuki, peasi iliyookwa, nyasi kavu, jozi, na mwisho kabisa harufu ya jiwe jeupe baada ya mvua. Ukimeza ulibaki. Ukizungumza ulikuwa bado upo.

"Mama mkwe wangu hakuwahi kufika huku," Sidonie akasema kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Kisieni," Ghislaine akasema.

"Mimi nasema mwaka ule daraja lilipofungwa," Sidonie akajibu. "Una miaka kumi na tano hivi."

Clotilde akaizungusha glasi kwenye mwanga wa dirisha. "Zaidi. Ishirini. Labda ishirini na tano, ila ingenishangaza. Bado una nguvu mno." Akamgeukia Aubin. "Na wewe?"

Aubin alikuwa ameinamia glasi yake. Tabasamu la upande mmoja lilikuwa limeondoka. Sidonie akamgusa kiwiko.

"Mwaka wa Ghislaine," akasema.

"Ndiyo upi huo?"

"Ule wa mvua," Ghislaine akajibu akiwa ameegemea kabati. "Mvua tupu. Watu wote waliuza kwa wenye siki. Baba aliuweka kwa sababu nilikuwa nimezaliwa."

Clotilde alimtazama usoni, macho yakapiga hesabu, kisha akaona haya, akainamisha kichwa.

"Usihesabu, mwanangu," Ghislaine akasema. "Ni sitini na mmoja."

"Na umetoka Coudraie?"

"Wote. Mashina yaleyale."

Clotilde akavuta kiti kilichokuwa pembeni yake. "Mama, kaa basi. Umesimama tangu niingie."

Ghislaine akakaa. Hakuwahi kukaa kwenye meza aliyokuwa akiihudumia, na mwili haukujua ufanye nini na mikono. Sidonie akamsogezea glasi. Akaonja. Akauacha mvinyo ukae mdomoni. Alikumbuka watu wakipiga meza kwa kicheko, na kumbukumbu ile haikumuuma. Ilimchosha tu, kama mzigo ambao mtu ameubeba mbali bila kuuliza ulikuwa wa nani.

Clotilde alikula mpaka sahani ikawa safi. Halafu akaweka uma chini.

"Nitawaambia ukweli, kwa sababu mmenilisha vizuri. Mvinyo huu umenishinda. Nikilala leo nitauota. Lakini siwezi kungoja miaka sitini, na hata nikiweza, tatizo langu si mvinyo. Tatizo langu ni mikono. Juu kule trekta haipiti. Kupogoa ni kwa mkono, kulima ni kwa mkono, na nina watu wawili tu, nao wameshaniambia hawapandi. Nikiiacha bila kupogolewa mwaka mmoja tu, imekwisha. Mtu wa kuipogoa ni nani?"

Aubin alitazama magoti yake.

Ghislaine aligundua kwamba siku zote zile alidhani mvinyo ukisema, kazi yake itakuwa imekwisha. Alidhani kazi ilikuwa ni kuupandisha kutoka pangoni na kuumimina bila kuutibua. Chini ya meza alikuwa ameshavua viatu, na sakafu ya mawe ilikuwa baridi chini ya nyayo zake. Alifikiria baridi ya kuganda ya mwezi wa Januari, mkasi unavyobana vidole, mteremko unavyouvuta mgongo. Alifikiria kiti chake na dirisha.

"Nusu," akasema.

"Unasemaje, mama?"

"Nusu ya juu nitapogoa mimi. Ile mistari ya karibu na kichaka. Polepole, kwa siku zangu, na mtu asinipigie kelele. Zaidi ya hapo siwezi."

"Dada," Aubin akaanza.

"Wewe utabeba matawi. Magoti yako yanakataa kupanda, hayakatai kuinama."

Clotilde alifikiri. Alikuwa mtu anayefikiri kwa vidole, akivigonga mezani kimoja kimoja. "Nusu ya juu inabaki," akasema mwishowe. "Ya chini nang'oa. Siwezi kukudanganya."

"Ng'oa. Ila usilundike mizizi mbele ya dirisha langu."

"Nitaipeleka bondeni."

Wakapeana mikono juu ya mifupa ya kuku. Kisha Ghislaine akaleta jibini ya mbuzi iliyokomaa, wakamaliza nayo jagi, na Clotilde akaomba kizibo, akakitia mfukoni.

Wageni walipoondoka, mchana ulikuwa bado mkubwa. Ghislaine aliosha glasi kwa maji ya moto bila sabuni, na Aubin, ambaye hakuna aliyekumbuka amewahi kushika kitambaa cha vyombo, alisimama pembeni akifuta.

"Zimebaki ngapi kule ndani?" akauliza.

"Nyingi."

"Basi tuzitunze vizuri. Krismasi tunafungua moja. Nyingine tunaweka kwa ajili ya—"

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hatuzitunzi kwa ajili ya kitu. Zitanywewa siku yoyote. Jumanne, ikiwa ni Jumanne na kuna kuku."

Aubin akafuta glasi moja kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilikutania sana, enh?"

"Wote mlinitania."

"Mimi nilikuwa mdogo."

"Mpaka juzi ulikuwa mdogo. Angalia, utavunja hiyo."

Majira ya baridi Clotilde alitimiza ahadi yake. Mizizi ya nusu ya chini ilibebwa bondeni, isionekane, ingawa mwezi wa Machi ilipochomwa upepo uliuleta moshi hadi Vernelle, na nguo za Ghislaine zikanuka moshi huo kwa siku kadhaa. Nusu ya juu aliipogoa mwenyewe, mstari baada ya mstari, akikaa juu ya kopo lililogeuzwa kila alipochoka, na alichoka mara nyingi. Aubin alikuja nyuma yake akiokota matawi na kulalamika. Siku nyingine hawakuzungumza kabisa.

Jumanne moja alirudi vidole vimekufa ganzi. Alitia miguu kwenye beseni, akakata jibini, akafungua chupa aliyoitoa pangoni asubuhi. Hapakuwa na kuku. Nje ya dirisha mteremko ulikuwa umegawanyika: udongo mtupu chini, na juu yale mashina yaliyojipinda, meusi, yamepogolewa hadi yakaonekana kama yamekufa. Alionja. Ulikuwa mkali. Akaiweka glasi mezani, akaegemeza kichwa kitini, akangoja ufunguke.